Kabla Hujapeleka Kazi ya Sanaa ya Video Brno, Ucheki

Viza kwanza. Peleka ombi la viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, mapema, miezi miwili au zaidi kabla ya safari, na bima yako ya safari isipungue yuro 30,000.

Tiketi ya ndege: tazama Vienna kabla ya Praha. Kutoka Vienna treni inakufikisha Brno kwa saa moja na nusu hivi. Kutoka Praha ni kama saa mbili na nusu. Mwenye mabegi ya vifaa anajua saa moja ina uzito gani.

Plagi. Umeme wa Ucheki ni volti 230 na hezi 50 kama wa kwetu Tanzania, transfoma huhitaji. Lakini soketi zao zina kijiti cha ethi kinachochomoza kwenye soketi yenyewe, na plagi yetu ya miguu mitatu haiingii. Nunua adapta nne, si moja.

Jumatatu nyumba nyingi za sanaa hufungwa. Uliza kabla hujapanga siku ya kusimika mitambo.

Ujue pia unaingia mji gani. Brno si kijiji cha kuonyeshea video kwa mara ya kwanza. Woody Vasulka, mmoja wa waasisi wa sanaa ya video duniani, alizaliwa hapo mwaka 1937. Yeye na mkewe Steina ndio walioanzisha The Kitchen, ukumbi wa sanaa ya video na majaribio, kule New York mwaka 1971. Tangu 2018 kuna Vašulka Kitchen Brno, ndani ya Nyumba ya Sanaa ya mji, inayotunza na kuonyesha urithi wao. Kitivo cha sanaa, FaVU, kilichoanza 1993, kiko chini ya chuo kikuu cha ufundi, kwa hiyo wasanii na wahandisi wanasoma chuo kimoja. Watakaokuja siku ya ufunguzi wataangalia picha, kisha watainama kuangalia waya.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonitoa machozi.

Nilikuwa fundi wa dada mmoja msanii aliyewarekodi wakulima wa mwani wa Jambiani kwa misimu miwili. Tulifunga projekta mbili na kompyuta moja katika nyumba moja ya maonyesho mjini humo. Ufunguzi ulijaa, watu wakapiga makofi, kesho yake tukapanda ndege. Maonyesho yalikuwa ya wiki sita.

Siku ya kumi na tisa rafiki yetu akatutumia picha. Ukuta mweupe, juu yake mraba wa buluu, katikati kidirisha kidogo kinachodai nywila. Pembeni, mama mtu mzima anayelinda chumba ameketi na sweta lake magotini. Kila jioni pale walizima umeme wote kwa swichi kuu. Sisi hatukuuliza. Asubuhi ya kwanza baada ya sisi kuondoka, kompyuta ilipowashwa ikaomba nywila, na nywila ilikuwa kichwani mwangu, Dar es Salaam. Yule mama hakupiga simu kwa sababu alidhani ule mraba wa buluu ndio kazi yenyewe. Hakuna aliyemwonyesha picha ya mwani. Dada hakunigombeza, alikata simu tu, na hilo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo: ondoa nywila. Zima masasisho, chomoa intaneti. Seti kompyuta ijiwashe umeme ukirudi na video ianze yenyewe bila mkono wa mtu, au tumia kicheza video kidogo kinachosoma flashi. Kisha jaribu: chomoa waya ukutani, hesabu hadi kumi, rudisha, kaa mbali. Fanya mara kumi. Ikigoma hata mara moja, hujamaliza. Andika ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kicheki, herufi kubwa, na picha ya jinsi chumba kinavyotakiwa kuonekana; mlipe mwanafunzi akutafsirie. Acha nakala ya faili kwenye flashi ya pili. Uliza nani anazima umeme na swichi kuu iko wapi. Na umfuate anayelinda chumba, umwambie "dobrý den", yaani "siku njema", ukae naye video izunguke yote. Yeye ndiye atakayeishi na kazi yako.

Mengine: malipo yawe kwa maandishi, pamoja na nani anagharamia kurudisha vifaa. Orodhesha kila kifaa na namba yake ya kiwandani, ugongewe muhuri forodhani kabla ya kuondoka, usije ukatozwa ushuru wa mali yako mwenyewe ukirudi. Julai na Agosti vyuo viko likizo, wa kukusaidia ni wachache. Karatasi ya Kicheki usiisaini kabla hujasomewa. Na kama ni Novemba, koti lipande nawe ndani ya ndege, si kwenye begi la chini.