Kusude rezervuari ya esansi bila kulipuka

Hapa Goma na haya mawe ya volkano, rezervuari za pikipiki na za grupu zinapasuka kila siku, na wa kwanza kuitwa ni sudere. Bandugu, mujue kitu kimoja mbele ya kuwasha posti (mashini ya kusude): rezervuari yenye haina kitu ndani njo inaua. Esansi ya maji-maji yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, na ukichanganyika na hewa kati ya 1,4 na 7,6 kwa mia, cheche moja tu inatosha. Mazutu nayo batu wanaizarau juu haishiki moto haraka, ni kweli ikiwa baridi, lakini kuanzia karibu digri 55 inatoa mvuke wa kuwaka, na arki ya posti, ule moto mweupe wa kusude, inapita maelfu ya digri.

Kwanza angalia kama kusude ni lazima. Katundu kadogo unaweza kukaziba na kole ya epoksi, ile ya tube mbili za kuchanganya. Kama kutu imekula chini yote, usijisumbue, bagete (fimbo ya kusudea) itatoboa pembeni tena, tafuta ingine.

Ukiamua kusude, itoe kabisa kwenye pikipiki, mwanga esansi mu bido mbali, inje. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu ao ine, unatambaa chini, na kama mama wa jirani anapika na mbabula pale kwenye kona utamfikia bila kuuona. Toa kizibo, robine, joji (ya kupima esansi), tiyo, yote. Kisha maji ya moto na OMO, tikisa sana, mwanga, rudia, rudia tena mpaka maji yatoke safi bila rangi ya mafuta juu. Shida kubwa iko pale mabati mawili yanakunjana: esansi inajificha mule na inatoka chuma kikipata moto, kwa hiyo usiamini pua, pua inazoea harufu. Mashini ya kukata chuma pia usiiguse mbele ya kuosha.

Sasa jaza maji. Minajua hapa maji inauzwa kwa bido na mutu anataka kuyachunga, lakini bido moja ya litre 20 inatosha rezervuari ya pikipiki, ni bei ndogo kuliko uso wako. Geuza mahali pa kusude paangalie juu, maji yafike karibu na tundu, ubakishe nafasi ndogo tu, na mudomo mumoja ubaki wazi kabisa ili mvuke utoke. Kwa rezervuari kubwa ya kamio, garaji zenye argoni ao CO2 zinajaza gazi ile ndani na kupima na mashini ya kupima gazi, kama hamuna hiyo, muachie wenye nayo. Oksijeni ya shalimo (ile ya kusude na gazi) usiipulize mule hata siku moja, inafanya moto uwe mubaya zaidi!

Sude kidogo-kidogo, pumzika. Ukiacha kazi mpaka kesho, osha upya mbele ya kuendelea.

Ikipoa, mwanga maji, paka povu ya sabuni pale ulisude, puliza na kinywa kupitia tiyo, usitie kompreseri, inaweza kuipasua. Povu isipochemka, ni kusema haivuji, ikaushe vizuri kwenye jua ili isishike kutu, weka filtre mupya, kisha esansi kidogo, na uangalie chini kama hakuna tone mbele ya kujaza.