Kufuatilia kaya zilezile kwa simu wakati wa janga: tulivyofanya Dodoma

Wiki mbili zilizopita nilikaa na binti mmoja wa mradi wa lishe wilayani Chamwino. Wanataka kujiandaa mapema, ili likija janga jingine waanze kuzipigia kaya ndani ya wiki moja. Niliwahi kuwa msimamizi wa wadadisi kipindi cha Uviko-19, tukazifuatilia kaya za Bahi, Chamwino na Mpwapwa kwa raundi sita, yaani tulizipigia kaya zilezile mara sita kwa nyakati tofauti. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Vibali na orodha

Vibali mnavijua, kuanzia kibali cha utafiti hadi barua kwa mtendaji wa kijiji. Orodha ya kaya itengenezwe kwa kupita nyumba kwa nyumba kabla janga halijafika. Ukianza na namba za simu ulizozikusanya huku na kule, utawapata wenye simu peke yao, na wasio nazo ndio wenye hali ngumu zaidi. Sauti za Wananchi ya Twaweza ilipoanza mwaka 2013 iligawa simu na chaja za sola kwa kaya zilizochaguliwa. Fedha zikiwepo, fanyeni vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Hakikisha raundi ya tatu unaongea na kaya ya raundi ya kwanza

Hapa nilipoteza siku tatu nzima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanzoni tulitumia namba ya simu kuwa ndiyo utambulisho wa kaya. Raundi ya tatu, kaya moja ya Bahi ikaonekana imetoka watu sita hadi kumi na mmoja, imeacha mpunga na inaishi kwa bodaboda. Tukaanza kueleza jinsi janga lilivyoigeuza kaya ile. Kumbe laini ilikuwa imehamia kwa kaka wa mwenye kaya, yuko Morogoro! Tulipopekua, tukakuta nyingine za namna hiyo. Laini huazimwa, hupotea, hufungwa. Na kumbuka kwamba mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole ulikuwa Januari 20, 2020, zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Janga lilitukuta watu wengi wana namba mpya.

Kwa hiyo kila kaya ipewe namba yake isiyohusiana na simu, na ianze na herufi, kwa mfano K0147. Herufi hiyo usiidharau. Excel hula sifuri ya mbele: 0147 inakuwa 147, na faili ya raundi ya kwanza inakataa kuungana na ya pili bila kukwambia kosa liko wapi. Namba za simu nazo zihifadhiwe kama maandishi.

Kisha orodhesha wanakaya wote: jina la kwanza, jinsia, umri, uhusiano, na namba ya kila mmoja. Kila raundi mdadisi asome majina na kuuliza nani hayupo tena, nani ameongezeka. Shule zilifungwa Machi 17, 2020, wanafunzi wa bweni wakarudi nyumbani. Za msingi na sekondari zikafunguliwa Juni 29. Chungu ni kilekile, walaji wameongezeka. Ukigawanya debe la mtama kwa idadi ya watu wa raundi ya kwanza, hujapima chochote.

Kubalianeni pia kaya ni nini. Sisi tulifuata wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Lakini huku Ugogoni utamkuta mzee ana wake wawili, kila mama na nyumba yake na akiba yake ya nafaka. Tulizihesabu kaya mbili, na bado naona ndivyo inavyopaswa, kwa sababu njaa inaweza kuingia nyumba moja ikaiacha nyingine. Mkiamua vingine, sawa, ila uamuzi usibadilike katikati.

Halafu mjibuji. Baba akijibu raundi ya kwanza atasema tunakula mara tatu. Mama akijibu raundi ya pili atasema mara mbili. Maisha hayajabadilika, aliyeshika simu ndiye aliyebadilika. Chagua mtu mmoja anayejua chakula kinapotoka, andika namba yake ya mwanakaya, na akikosekana panga siku nyingine. Mbadala aje mwisho kabisa, tena kwa alama maalumu kwenye data.

Chukua namba tatu za ziada: ya mwenza, ya jirani, na ya mwenyekiti wa kitongoji. Sisi tuliongeza ya mwenye duka anayechajisha simu za watu, na ndiye aliyetupatia wengi tuliodhani wamepotea.

Yote haya yaingizwe kwenye dodoso la kielektroniki. Natumia ODK au KoboToolbox, programu za kukusanyia data, naweka orodha kwenye faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu) na kuiita kwa amri ya pulldata, ili mdadisi akiandika K0147 jina la mama lijitokeze. Kwa kazi ya kurudia raundi, karatasi sizikubali tena.

Hatua ya 3: Dodoso fupi

Dakika 20 zisizidi. Kwenye chakula tumia kipimo kifupi cha mbinu za kukabiliana na uhaba wa chakula, ambacho kila mbinu ina uzito wake kulingana na ukali wake. Uliza, katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi kaya ilikula chakula wasichokipenda au cha bei nafuu (uzito 1), iliazima chakula au kutegemea msaada wa ndugu (2), ilipunguza kiasi cha mlo (1), watu wazima walijinyima ili watoto wale (3), au ilipunguza idadi ya milo (1). Zidisha siku kwa uzito, jumlisha. Alama ya juu kabisa ni 56. Ongeza maswali ya kuuza mbuzi, kwenda kibarua, kukopa VICOBA na kukodisha shamba.

Maneno yasiguswe kati ya raundi. Kuazima chakula kwa jirani si sawa na kukopa dukani.

Hatua ya 4: Kupiga

Alfajiri kabla ya shamba, au baada ya saa kumi na mbili jioni. Mzee umsalimie "Mbukwa" kabla ya jambo lolote. Omba ridhaa upya kila raundi. Vocha itumwe siku hiyohiyo, kiasi kilekile kwa wote.

Hatua ya 5: Tenganisha janga na msimu

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mei hadi Julai watu wanavuna. Januari hadi Machi maghala yanakauka, janga liwepo au lisiwepo. Ukilinganisha Julai 2020 na Februari 2021 utaona balaa, na sehemu kubwa inaweza kuwa ni kalenda tu. Linganisha Februari na Februari. Ndiyo maana namsihi yule binti aanze kupiga sasa, mwaka wa kawaida, apate pa kulinganishia.

Hatua ya 6: Kurudisha majibu

Majumuisho ya kijiji, bila majina, yasomwe kwenye mkutano wa kijiji kabla ya raundi inayofuata. Mama mmoja wa Mpwapwa aliniuliza raundi ya nne, "Mwanangu, haya tunayokwambia yanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na raundi ya tano hakupokea simu.