Ulizo likichelewa, usikimbilie indeksi: kusaka tatizo kwenye PostgreSQL

Tuchukue chama cha ushirika wa maziwa upande wa Njoro na Molo. Wakulima ni 4,000 na kila mmoja huleta maziwa asubuhi na jioni, kwa hiyo jedwali la mapokezi kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, huongezeka mistari 8,000 kwa siku, ambayo ni 2,920,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza taarifa ya mkulima ilitoka karani alipobonyeza tu. Mwaka wa nne jedwali lina mistari 11,680,000, skrini imeganda, na foleni dirishani imefika getini. Hapo ndipo mtu husema, "Weka indeksi," yaani orodha iliyopangwa inayoisaidia seva kupata mistari bila kusoma jedwali zima. Ngoja kwanza.

Anza kwa kuuliza kama ulizo (query, yaani swali ambalo programu huiuliza hifadhidata) linafanya kazi polepole au limesimama tu likimsubiri mwenzake. Ugonjwa si mmoja, na indeksi haitibu kusubiri. Endesha hii wakati shida inaendelea:

SELECT pid, state, wait_event_type, now() - xact_start AS umri,
       pg_blocking_pids(pid), left(query, 60)
FROM pg_stat_activity
WHERE state <> 'idle' ORDER BY umri DESC;

Ukiona `Lock` (kufuli) kwenye wait_event_type, ulizo linasubiri data iliyoshikwa na muunganisho mwingine, na namba zilizo kwenye safu ya pg_blocking_pids ndizo za wanaolizuia. Mara nyingi mwenye kosa ana hali ya `idle in transaction`: programu ilifungua muamala (kundi la amri zinazokamilika zote au kufutwa zote) kwa BEGIN, ikabadilisha mstari, kisha ikaenda kusubiri jibu la mtandao au mtu abonyeze "Sawa". Mwondoe kwa pg_terminate_backend(pid), halafu weka idle_in_transaction_session_timeout, tuseme dakika 5, ili asirudie.

Kama hakuna kufuli, tafuta ulizo lenyewe. Weka log_min_duration_statement iwe 500, na kila ulizo linalozidi nusu sekunde litaandikwa kwenye logi. Kizuri zaidi ni pg_stat_statements, kiendelezi kinachojumlisha takwimu za kila ulizo. Iongeze kwenye shared_preload_libraries, washa seva upya, kisha CREATE EXTENSION. Panga matokeo kwa total_exec_time (jumla ya muda), usiyapange kwa wastani. Ripoti ya sekunde 40 inayoendeshwa mara moja kwa siku hupigiwa kelele na kila mtu, lakini ulizo la milisekunde 20 linaloitwa mara 90,000 linakula dakika 30 za seva na hakuna anayelilalamikia.

Ukishalipata, liombe mpango wake, yaani njia ambayo seva imechagua kutafuta data:

EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)
SELECT sum(lita) FROM mapokezi
WHERE mkulima_id = 2417
  AND to_char(muda, 'YYYY-MM') = '2025-03';

Kumbuka kwamba ANALYZE huendesha amri kwelikweli. Kama ni UPDATE au DELETE, itangulize BEGIN na uimalize kwa ROLLBACK, la sivyo utakuwa umefuta data huku ukidhani unapima. Kiini cha jibu kitafanana na hiki:

Seq Scan on mapokezi (rows=15) (actual rows=62 loops=1)
  Rows Removed by Filter: 11679938
  Buffers: shared hit=1204 read=96110

Seq Scan maana yake jedwali zima limesomwa. Soma mstari wa mwisho kwanza. Kurasa (vipande ambamo PostgreSQL huhifadhi data) 97,314 za kilobaiti 8 kila moja ni karibu megabaiti 760, zote zimepekuliwa ili kupata mistari 62 tu: siku 31 za Machi, mara mbili kwa siku. `hit` ni zilizokutwa kwenye kumbukumbu ya PostgreSQL, na `read` ni zilizotoka nje yake. Ukirudia ulizo papo hapo muda unaweza kushuka sana kwa sababu kurasa zimeshapakiwa, na ndiyo maana ni heri kuhesabu kurasa kuliko kuamini saa. Kwenye jedwali kubwa huenda ukakuta Parallel Seq Scan, ambapo michakato kadhaa hugawana kazi. Hapo rows ni wastani wa kila mzunguko, kwa hiyo zidisha kwa loops.

Kosa liko kwenye to_char. Indeksi ya muda imepangwa kwa muda wenyewe, si kwa maandishi yanayotengenezwa kutokana nao, kwa hiyo haiwezi kusaidia. Na ile 15 ni kisio, kwani kipangaji (sehemu ya PostgreSQL inayochagua mpango) hakina takwimu za matokeo ya to_char. Andika mipaka badala yake:

WHERE mkulima_id = 2417
  AND muda >= '2025-03-01 00:00+03'
  AND muda <  '2025-04-01 00:00+03'

Usitumie BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31'. Hiyo huishia saa sita usiku tarehe 31 inapoanza, na maziwa ya siku nzima yanapotea kwenye malipo ya mkulima. Ile +03 nayo si pambo: seva ikiwa kwenye UTC na muda ni timestamptz (aina ya safu inayozingatia saa za eneo), bila hiyo mwezi wako utaanza saa tisa usiku ya hapa Nakuru.

Sasa ndipo indeksi inapoingia:

CREATE INDEX CONCURRENTLY mapokezi_mkulima_muda
  ON mapokezi (mkulima_id, muda);

Mpangilio wa safu una maana. Tanguliza safu inayolinganishwa kwa `=`, kisha ile ya mipaka. Ukigeuza, seva itapitia maingizo ya Machi ya wakulima wote ili kumpata mmoja. Ukipatia, kurasa zinashuka hadi sabini hivi. CONCURRENTLY inawaacha makarani waendelee kuandika, lakini haikubali kuwa ndani ya muamala, na ikikatika katikati inaacha indeksi iliyoandikwa INVALID, ambayo haitumiki kusoma ila bado inachelewesha kuandika. Ifute, uanze upya.

Mpango ukionyesha makisio ya mistari 10 na halisi ni 50,000, endesha ANALYZE mapokezi, amri inayokusanya upya takwimu za jedwali (si ile ANALYZE ya EXPLAIN). Hali hii huja hasa baada ya kuingiza faili kubwa la data kwa mpigo. Ukiona `Sort Method: external merge Disk`, upangaji umemwagikia diskini kwa sababu work_mem, kumbukumbu inayotengewa kazi hiyo, haikutosha (ya kawaida ni megabaiti 4). Iongeze kwa ulizo hilo kwa SET LOCAL ndani ya muamala wake, usiiongeze kwa seva nzima, maana kila upangaji wa kila muunganisho unaweza kuchukua kiasi hicho. Kumbuka pia kwamba PostgreSQL haiweki indeksi kwenye ufunguo wa kigeni (safu inayorejelea jedwali lingine, kama mkulima_id) kwa niaba yako. Kufuta mkulima mmoja kukichukua sekunde kadhaa, angalia hapo.

Kuna wakati mpango ni safi na programu bado inakokota. Programu iko Kisumu, seva imekodishwa ng'ambo, na msimbo unachukua orodha ya wakulima 4,000 kisha unamwulizia kila mmoja jumla yake. Safari moja ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 150, hizo ni sekunde 600, dakika kumi za njiani tu. Dawa ni ulizo moja lenye GROUP BY mkulima_id.

Na ushauri wa kuzima fsync (mpangilio unaohakikisha data imefika diskini) ili mambo yaende haraka, upuuze. Stima ikipotea seva ikiwa katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika kiasi cha kutofunguka tena.

Mwisho wa mwezi, pitia pg_stat_user_indexes utafute indeksi zenye idx_scan (idadi ya mara zilizotumika) sufuri, kwa sababu kila indeksi hulipiwa kwenye kila INSERT. Kabla ya DROP INDEX CONCURRENTLY hakikisha mambo mawili: indeksi hailindi ufunguo mkuu wala UNIQUE, na seva ya nakala (replica) haiitumii kwa ripoti, kwani kila seva ina hesabu yake.