Kabla ya kununua filta, yajue maji yako

Mama mmoja wa Kigamboni, Dar es Salaam, aliniita nikakague filta yake mpya ya kauri: "Fundi, nimetapeliwa, maji bado yana chumvi!" Nikaonja. Chumvi ipo kweli, ila filta haina kosa. Kauri huzuia tope na bakteria. Chumvi iliyoyeyuka hupita kama kawaida.

Hatua ya 1: Yanatoka wapi? Maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu kwa kawaida hayana chumvi. Shida yake ni tope wakati wa masika, na uchafu unaoingia kwenye mabomba yaliyotoboka mgawo unapokata maji. Visima vya karibu na bahari ndivyo vyenye chumvi. Maji ya boza muulize dereva alikoyachota, kisha upime mwenyewe.

Hatua ya 2: Pima. Nunua kipimo cha TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji), kadude kama kalamu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, chini ya miligramu 600 kwa lita ladha ni nzuri. Zikizidi 1,000 maji hayanyweki kwa raha. Ila kipimo hiki hakioni vijidudu. Muuzaji akikitumbukiza kwenye glasi na kukwambia "namba ndogo, maji salama", mwache na glasi yake.

Hatua ya 3: Sasa chagua. Kama ni chumvi, dawa ya kawaida nyumbani ni mashine ya RO, inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, chumvi inabaki. Hapa ndipo watu wanapopoteza hela: RO inataka msukumo wa kama bar 3, na simtanki lililoinuliwa mita 3 linatoa bar 0.3. Kwa hiyo chukua yenye pampu, na ujue umeme ukikatika nayo inalala. Tena kwa kila lita unayokunywa, lita 2 au 3 hutoka kama maji taka. Yakinge kwenye ndoo, yanafaa kudekia na chooni.

Kama ni maji ya bomba, usijibebeshe RO. Kauri yenye mkaa ndani inatosha nyumba nyingi: mkaa huondoa harufu ya klorini, kauri inashika bakteria. (Yule mama filta yake ilihamia kwa mdogo wake Ubungo, inafanya kazi vizuri.) Virusi lakini ni vidogo mno kwa kauri, kuchemsha kunaviua. Kipindupindu na homa ya matumbo huletwa na bakteria, ila vikitajwa mtaani, au nyumbani kuna mtoto mchanga, usibahatishe: chuja kisha chemsha. Taa ya UV (mwanga wa urujuanimno) nayo inaua vijidudu, mradi maji yawe meupe na umeme uwepo.

Hatua ya 4: Uliza vipuri kabla ya bei. Filta rahisi isiyo na vipuri Kariakoo ni pambo la jikoni.

Hatua ya 5: Matunzo. Osha simtanki kwanza. Kauri isugue kwa brashi laini na maji matupu, bila sabuni. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa.