Mlaze mtoto kifudifudi akiwa macho

Dada zangu wenye watoto wachanga hapa Lamu, joto hili hutufanya tuwabebe kutwa au tuwalaze chali chini ya feni. Mpe mtoto pia nafasi ya kulala kifudifudi, akiwa macho na wewe ukimtazama. Hapo ndipo shingo, mabega na mgongo hupata nguvu za kugeuka, kuketi na kutambaa.

Tandika mkeka sakafuni na leso moja juu yake, iliyonyooshwa vizuri. Godoro laini halifai, uso huzama. Akiwa ametoka kunyonya, subiri kidogo asije akacheua. Aliye mchanga kabisa aanzie kifuani mwako, wewe umejiegemeza. Mimi naipenda zaidi namna hii, maana huinua kichwa akiutafuta uso wako. Dakika 2 au 3 zatosha kwa mara moja, kisha urudie baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka zifike angalau 30 kwa siku. Akilia mgeuze, usimlazimishe. Nyanya akiwepo, alale naye chini wakitazamana, amwimbie.

Usingizi ni mambo mengine: mchana au usiku, alazwe chali, bila mto.

Akifika miezi 4 na shingo haijakaza, au ukiona anatumia mkono wa upande mmoja tu, mpeleke kliniki umwonyeshe muuguzi. Usingoje tarehe ya chanjo.