Safari ya Kusini na marafiki: msiipite Kilwa mbio

Wengi wakipanga safari ya Kusini hulenga Mtwara, wanakanyaga mafuta tangu Mbagala na Kilwa wanaiona kwenye kibao tu. Nawasihi sana, Kilwa laleni usiku mbili. Miji mingine igawane siku zitakazobaki.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Masika barabara ile si ya kuchezea: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga, magari yakakwama huku na huku. Kiangazi gari dogo linatosha, lami ipo mpaka Mtwara, ila kagueni matairi na tairi la akiba. Watu wanne ndio vizuri. Mizigo inapata nafasi na mafuta yanachangika. Mchange kabla ya kuondoka, mmoja awe mhazini, na awe na noti ndogondogo za mashua na chakula.

Tokeni Dar saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya Mbagala haijafunga. Dereva ashike 50 kila penye makazi, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Mkivuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, punguzeni mwendo mtazame mto. Kabla halijafunguliwa mwaka 2003, watu walisubiri kivuko pale Ndundu, na maji yakijaa safari ilikuwa majaliwa. Nangurukuru kateni kushoto kwenda Kilwa Masoko. Fikeni mchana, mtafute ofisi ya serikali inayotoa vibali vya magofu na mpatane na mwongozaji siku hiyohiyo, ili kesho yake msipoteze asubuhi.

Kuhusu mashua, swali la kwanza kwa nahodha liwe maji yanapwa saa ngapi, bei baadaye. Maji yakiwa yamekupwa mtashuka kwenye tope, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwa hiyo vaeni ndala na simu zifungeni kwenye mfuko wa nailoni. Asubuhi bahari imetulia. Alasiri upepo unakaza.

Kilwa Kisiwani msiende kupiga picha tu na kugeuza. Ingieni Msikiti Mkuu mkae kimya kidogo, kisha msogeze macho karibu na ukuta: mawe yake ni matumbawe, na vitundu vya matumbawe vinaonekana bado, chokaa imeingia katikati. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11. Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikipitia hapa. Kasri la sultani huyo, Husuni Kubwa, liko mbali kidogo kwa miguu, juu ya genge linalotazama bahari, na bwawa lake la pembe nane lipo mpaka leo. Bebeni maji ya kunywa. Kisiwani wanaishi watu, basi vaeni kwa heshima, ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na wazee muwaamkie.

Mkitoka Masoko, ingieni Kilwa Kivinje. Muulizeni mwenyeji awapeleke Mwembe Kinyonga, Wajerumani walipowanyonga wapiganaji wa Majimaji. Mimi huona vibaya kuupita mji ule bila kushuka garini.

Lindi ni ya samaki wa mchana na kunyoosha miguu kando ya ghuba. Mwenye hamu ya Tendaguru, kilima kilikochimbwa mifupa ya dinosaria, ajue ni safari ya peke yake, barabara ya vumbi, na mifupa ya yule mjusi mkubwa iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 iko Berlin.

Usiku wa mwisho laleni Mikindani badala ya Mtwara mjini. Mji ni mdogo, nyumba za mawe zimeizunguka ghuba, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekuwa hoteli. Hata msipolala humo, ombeni kupanda juu muione ghuba yote. Ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha mkiikuta njiani, nunueni. Korosho za kupeleka nyumbani zichukulieni huku, na muonje kabla ya kulipa.

Kurudi Dar ni siku nzima barabarani, basi mpokezane usukani na mwende moja kwa moja. Asiyeweza kukaa garini muda wote huo, Mtwara kuna uwanja wa ndege. Aulizie tiketi mapema.