Kuipiga hip hop ya Kiswahili kwa ala tupu: mashairi unayapeleka wapi?

Miaka kadhaa nyuma nilipiga saksafoni na wenzangu watatu kwenye ukumbi mmoja ufukweni hapa Mwanza, upande wa Capri Point. Tulikuwa na wimbo wa hip hop ambao kila kijana wa mji huu anaujua, na tuliuandaa wiki mbili nzima. Kiitikio kilipofika, watu walishangilia. Kilipoisha nikaingia kwenye solo, na meza zote zikarudi kwenye mazungumzo yao.

Tukiwa tunafunga vyombo, kijana mmoja akanifuata. "Kaka, huu wimbo naupenda sana. Lakini mbona mashairi hujayapiga?"

Nikamwambia, "Mdogo wangu, saksafoni haisemi maneno."

Akaanza kupiga ubeti wa kwanza kwa mdomo, ta-ta-TA-ta, bila neno hata moja. Nikautambua kabla hajafika mstari wa pili.

Tangu usiku ule naandaa nyimbo kwa njia nyingine, na ndiyo ninayoieleza hapa. Unahitaji ala moja ya kuongoza (saksafoni, tarumbeta, gitaa, hata filimbi), kinanda, besi na dramu. Ukiwa peke yako, kinanda kinatosha kuanzia.

Neno "jazi" lisituchanganye. Tabora Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz zilikuwa bendi za dansi, na nazipenda mno, ila hapa nazungumzia jazi ya Marekani, yenye kodi pana (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na solo za papo kwa papo. Jazi hiyo na hip hop zimekopeshana siku nyingi. Mpiga piano Ahmad Jamal alirekodi mwaka 1974 kipande alichokiita "Swahililand". Mwaka 1996 prodyuza J Dilla alikata sehemu ya kipande hicho akawajengea kundi la hip hop De La Soul biti ya "Stakes Is High". Baadaye mpiga piano Robert Glasper na trio yake, kwenye albamu yao ya 2007, wakazichukua biti za J Dilla wakazipiga kwa piano, besi na dramu. Nikiikumbuka safari hiyo, na jina la kipande kilichoianzisha, huwa naona tuna kila sababu ya kuifanya kazi hii kwa Kiswahili chetu.

Hatua ya 1: Chagua wimbo kwa ubeti wake

Usichague kwa sababu ya kiitikio. Ziba mdomo, guna ubeti wa kwanza kama unayeimba huku umefunga meno. Kama mtu aliye karibu anautambua, wimbo huo unafaa. Kama hautambuliki, uzuri wake wote uko kwenye maana ya maneno, na ala haitaubeba.

Hatua ya 2: Ufunguo, kasi na kodi

Ingiza wimbo kwenye Audacity, punguza kasi bila kubadili sauti, kisha fuata besi. Biti nyingi zinazunguka kwenye kodi mbili au nne tu. Tuseme umepata Am (yaani A minor) kipimo kimoja cha mapigo manne na F kipimo kimoja, kwa kasi ya mapigo 88 kwa dakika. Mfano huo nitautumia hadi mwisho. Saksafoni huandikiwa ufunguo tofauti na unaosikika, kwa hiyo mpiga saksafoni ya tenor atasoma kwa B minor, wa alto kwa F# minor. Kinanda na besi wanabaki A minor.

Hatua ya 3: Hesabu mizani

Hapa usiwe na haraka. Mimi hatua hii hunichukua siku mbili au tatu, na bila hiyo zilizobaki hazina kazi.

Shuleni tulifundishwa kwamba mshororo wa shairi una mizani 16, yaani silabi 16, nane upande huu na nane upande ule. Sasa chukua kipimo kimoja cha moja-mbili-tatu-nne, ugawe kila pigo mara nne. Unapata nafasi 16. Mshororo mmoja unaingia kwenye kipimo kimoja bila kubaki wala kupungua. Nilipoligundua hili nilikaa kimya kwa muda, maana nilikuwa nimelipita miaka yote.

Nimetunga mistari miwili ya mfano ili tusichukue ya mtu:

Nimeshuka Buzuruga, begi zito mgongoni
Nauli imeshakwisha, natembea Mabatini

Iandike silabi moja moja, na ile yenye mkazo iandike kwa herufi kubwa:

Ni-me-SHU-ka Bu-zu-RU-ga BE-gi ZI-to m-go-NGO-ni
Na-U-li i-me-sha-KWI-sha na-te-MBE-a Ma-ba-TI-ni

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa hesabu nafasi. Mstari wa kwanza una mikazo kwenye 3, 7, 9, 11 na 15. Mapigo yenyewe ya dramu yanatua kwenye 1, 5, 9 na 13. Kwa hiyo ni "begi" peke yake inayotua juu ya pigo. Mikazo mingine yote inaangukia katikati ya pigo na pigo. Mstari wa pili una mikazo kwenye 2, 7, 11 na 15, na hakuna hata mmoja unaokutana na pigo. Ule mwendo wa kuvutana na dramu, ambao wapiga jazi wanautafuta kwa miaka, upo ndani ya lugha tayari. Kazi yako ni kutouharibu kwa kuunyoosha.

Bila shaka marapa hawajazi nafasi zote 16. Wanapumua, wanavuta neno, wanasukuma silabi tatu mahali pa mbili. Sikiliza mstari kwa mstari, weka alama ya x kila palipo kimya. Hizo x uziheshimu kama noti. Nimewasikia wapuliza ala wengi wakizijaza kwa madoido, na hapohapo rapa anapotea.

Hatua ya 4: Zipe silabi noti

Sauti ya rapa haipandi wala kushuka sana. Ukiupa ubeti ngazi nzima ya noti, umetunga wimbo mwingine. Tumia noti tano tu: A, C, D, E na G. Waliokulia kwaya kama mimi watazijua kwa la, do, re, mi na so. Silabi nyingi ziache kwenye A. Ondoka A pale penye mkazo, kisha urudi.

Kina kipe noti yake isiyobadilika. Kwenye mfano wetu, kila "-ni" ya mwisho naiweka E. Msikilizaji hasikii neno, ila anasikia noti ileile ikirudi mahali palepale, na sikio lililozoea vina linaitikia lenyewe.

Halafu ulimi. Silabi yenye mkazo ipigwe "ta", nyingine "da" laini. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo usikate noti ghafla. Iache iingie kwenye inayofuata. Ile "m" ya "mgongoni" ni mizani kamili, lakini haina irabu: imeze, isikike pumzi zaidi ya noti. Ukipiga rapu ya Kiingereza mambo yanageuka, kwa sababu maneno yao mengi yanafungwa na konsonanti, na hapo noti inafungwa kwa ulimi.

Hatua ya 5: Panua kodi, ila kwa kiasi

Am iwe Am9, F iwe Fmaj7, yaani kodi zilezile zikiongezewa noti. Inatosha kwa ubeti wa kwanza. Kila baada ya vipimo vinane, mapigo mawili kabla ya kurudi Am, mpiga kinanda aweke Bb7. Sasa itazame ile E ya kina: kwenye Am ni noti ya tano, imetulia, kwenye Fmaj7 ni ya saba, ina majonzi kidogo, kwenye Bb7 inakuwa ya kumi na moja iliyopandishwa, inachoma. Noti ni moja, hali tatu. Rapa hufanya hivyohivyo anaporudia neno moja kwa maana tofauti.

Mwambie mpiga kinanda asipige wakati unapiga mashairi mazito. Aingie kwenye zile x.

Hatua ya 6: Dramu na besi

Besi ibaki na mstari wa biti ya asili, angalau ubeti wa kwanza. Ndiyo kitambulisho cha wimbo. Dramu zipigwe kwa brashi mwanzoni, fimbo ziingie kwenye kiitikio. J Dilla alifanya mipigo yake isikae sawasawa juu ya pigo, mmoja ukiwahi kidogo, mwingine ukichelewa. Usimlazimishe mpiga dramu kuiga hilo kwa hesabu. Wa kwangu nilimwambia afikirie bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, jembe linavyorushwa juu na kushuka na uzito wake wote: kiki yako (dramu kubwa ya mguu) ishuke hivyo. Alielewa mara moja.

Hatua ya 7: Solo

Solo yangu huwa naijenga juu ya mizani ya ubeti wa pili. Mwendo wa silabi nauacha ulivyo, noti nazibadilisha. Vipimo vinane vya kwanza nakaa karibu na rapa, vinane vinavyofuata naachia.

Hatua ya 8: Ruhusa na kurekodi

Kuupanga upya wimbo wa mtu na kuutoa hadharani kunahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki. Nchini kwetu hilo liko chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wa kuwaendea. Mtafute rapa, umtafute na prodyuza, maana biti pia ina mwenyewe. Wapelekee rekodi ya mazoezi. Mtu akisikia ubeti wake umeheshimiwa, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Kurekodi, simu nzuri inatosha kwa jaribio. Iweke kama mita moja na nusu kutoka kwenye ala, pembeni kidogo, isiwe mbele ya mdomo wa saksafoni. Mimi hurekodi alfajiri, kabla daladala za Kirumba hazijaanza.

Kabla hujaituma popote, mpigie mtu anayeujua wimbo, usimtajie jina lake. Anza na ubeti moja kwa moja, kiitikio kiache. Mtazame midomo. Kama kufikia kipimo cha nne haijaanza kutamka maneno, rudi hatua ya 3 na penseli yako.